Siku Niliyokuwa Ukuta Kwenye Pikipiki

Nilipokuwa mtoto, kwa siku moja nzima, nilikuwa ukuta. Sisemi kwa mafumbo. Baba alinishika makwapani, akanipandisha juu ya pikipiki, akaniambia, "Mwikali, leo wewe ni ukuta. Ukuta haugeuki, na ukuta haulali." Nilikuwa na miaka tisa. Shuleni niliishia darasa la tatu, kwa hiyo anayetafuta makosa katika maandishi yangu atayapata na asinisumbue.

Nikiwasimulia vijana wanacheka. Mkwe wangu, huyu aliyemwoa binti yangu wa mwisho, ana bodaboda. Akinikuta hapa Kabati nimebeba unga ananipakia nyuma, ananiambia, "Shika vizuri, mathe," nami namkumbatia kiunoni kama gunia la mahindi. Hakuna aliyekufa. Lakini zamani zile baba yangu na nyanya yangu mzaa mama, ambaye sisi Wakamba tunamwita Susu, hawakuwahi kutazamana usoni tangu siku mama alipoolewa. Hiyo ndiyo nthoni, haya ya wakwe. Baba akimwona Susu anakuja njiani, aliingia kichakani, miiba au si miiba. Susu akisikia baba yuko sokoni, alirudi nyumbani na kiondo kitupu. Kugusana ilikuwa mwiko. Kuongea ilikuwa mwiko. Kukiwa na neno la lazima, lilipitia kwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine mara nyingi nilikuwa mimi.

Sasa, kilichowapandisha wawili hao pikipiki moja kilikuwa hiki. Susu alizaliwa Kasikeu, upande wa Makueni, akaolewa huku Kitui. Mama yake alipofariki, Susu alichelewa mazishi kwa sababu Mto Athi ulikuwa umefurika na hakuna gari lililothubutu kuvuka. Alipofika alikuta kaka yake mkubwa, Mzee Nzioka, amekwisha kuzika. Susu hakuwa mtu wa kulia kimyakimya. Alimchamba kaka yake mbele ya watu wote waliokuja kulia, akamwuliza kama alikuwa akizika mama au akizika mbwa, hata akashindwa kungoja siku moja. Kaka yake naye akamjibu neno ambalo mkono wangu hauna furaha kuliandika: "Umechelewa kumzika mama yako. Wajukuu wako utawazika mapema."

Wakaachana hapo. Mimi nilikuwa nimeshazaliwa. Walionifuata walikuwa wawili, na wote wawili waliondoka kabla ya kuota meno. Watu wa kanisa walisema ni mapenzi ya Mungu. Susu, ambaye kanisani alifuata nyimbo tu, alisema ni mdomo wa Nzioka.

Mwaka ule mama alikuwa mzito tena, miezi saba. Siku ya soko akaja mfanyabiashara wa mbuzi, Mwislamu mmoja kutoka kaskazini aliyezunguka masoko yote ya Ukambani, akamtafuta Susu hadi akampata. "Mama," alimwambia, "kaka yako wa Kasikeu ananituma. Anasema uje akutemee mate. Na uje haraka, mzee hayuko sawa."

Kwetu sisi jambo hili halina njia ya mkato. Mdomo uliofunga ndio unaofungua. Aliyesema neno lazima aseme kwa mdomo wake kwamba amelirudisha, halafu ateme mate kidogo na maji kifuani pako. Mchungaji hawezi kukufanyia, mganga hawezi. Mzee Nzioka akifa na neno lake, linabaki hapa duniani likitafuta wajukuu wa Susu. Na mjukuu aliyekuwa njiani alikuwa tumboni mwa mama yangu.

Basi la kwenda huko lilikuwa la kubadilisha Machakos, ulale, kesho yake ungoje lingine lijae. Baba alikuwa akichanja ng'ombe, na kazi ilimpa pikipiki. Akamwambia mama, "Nitampeleka mimi."

Mama akamtazama kama anayenusa pombe. "Mkweo? Kwa hiyo pikipiki? Mtakaa vipi?"

Baba akanyoosha kidevu kuelekea kwangu.

Susu alikuja Jumamosi asubuhi amejifunika blanketi kichwani, jua likiwa tayari linachoma. Aliizunguka pikipiki mara mbili kama anayenunua punda. Kisha akaniita kando, akainama, akaniambia jambo lililonikaa tumboni safari nzima. "Sikiliza, msichana. Ngozi yangu ikigusa ngozi ya baba yako njiani, kile tunachokwenda kuchukua tutakikuta kimeoza. Umesikia? Mkono wako ukae hapa, mguu wako ukae hapa. Usiache hata nafasi ya kupita siafu."

Nikasema ndiyo. Ungesema nini?

Baba akakaa mbele, mimi katikati, Susu nyuma, miguu yote upande mmoja, kiondo cha muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, mapajani. Mama alisimama mlangoni ameshika kiuno, hakupunga mkono. Tukaondoka.

Hatujafika hata Kwa Vonza, Susu akaanza. "Mwambie baba yako anaendesha kama mwizi wa kuku. Hii mifupa yangu hakuna duka linaloiuza."

Nikauinamia mgongo wa baba. "Baba, Susu anaomba twende polepole."

Baba akapunguza. Baada ya kitambo akasema, "Muulize Susu yako kama anataka nishuke nisukume."

"Susu, baba anauliza kama umekaa vizuri."

"Mwambie nimekaa kama jogoo aliyefungwa miguu."

"Baba, anasema amekaa vizuri."

Hakuna aliyenifundisha kufanya hivyo. Niliona tu kwamba yale maneno yakipita kwangu jinsi yalivyo yatanichoma mimi kwanza, kwa hiyo niliyapoza kama uji kabla ya kuyapitisha. Nilidhani mlio wa injini ulikuwa unanificha.

Tukaenda mwendo wa punda mwenye mimba. Mpaka leo, katika safari zote nilizosafiri, ni hiyo tu niliyoiona njia yenyewe. Niliona nyua za mkonge na vichuguu vyekundu virefu kuliko baba. Niliona wanawake wakichota maji kwenye shimo katikati ya mto wa mchanga, punda wakingoja na madebe ubavuni. Mbaazi zilikuwa zimetoa maua. Kila tulipopita boma watu walisimama kututazama, na Susu alijifunika zaidi, lakini macho yake niliyajua yalikuwa wazi humo ndani, kwa sababu hakuacha kutoa habari: huyu matuta yake yamebomoka, yule ng'ombe wake ana kupe, na nyumba ile imeezekwa na mlevi.

Tulipofika daraja la Athi alinipiga bega. "Simamisheni."

Baba akasimama akatazama upande mwingine. Susu akashuka, akaenda hadi ukingoni, akautazama mto. Siku hiyo maji yalikuwa kidogo, yanapita kati ya mawe kama mtu anayeomba msamaha. Susu akayatemea. "Leo umelala," akauambia mto. "Siku ile ulikuwa mwanaume." Akarudi akapanda. "Mwambie baba yako twende."

Hilo nililipeleka jinsi lilivyo.

Masii tulitia petroli tukala. Baba alikula akiwa amegeukia ukuta wa duka, Susu akala nyuma ya gari bovu, na mimi nikawa natembea katikati nikipeleka muthokoi huku na maji kule. Mama mmoja aliyeuza chai hapo alitutazama mpaka akashindwa.

"Wewe baba, huyo mama amekukosea nini hata mnapeana migongo?"

"Ni muthoni wangu," baba akasema, yaani mama mkwe wake.

Yule mama akaacha birika. "Na mmepanda hiyo moja? Wawili?"

"Mtoto yuko katikati."

Akanigeukia, akanipima kutoka kichwani hadi vidoleni, akanitolea mandazi. "Kula, mwanangu. Kazi uliyopewa ni ya mtu mzima."

Nikayala kwa majivuno. Hayo majivuno ndiyo yaliyoniponza.

Baada ya Masii tuliacha barabara kubwa tukashika njia za vilima. Jua lilikuwa limevuka utosi. Tukapanda, tukashuka, tukapanda tena, mpaka kilima cha mwisho kabla ya Kasikeu. Na kutoka huko juu, chini kabisa kwenye tambarare, nikaona moshi. Chini ya moshi kulikuwa na kitu cheusi kirefu kikitambaa. Gari la moshi. Nilikuwa nimelisikia kwenye hadithi tu. Hebu niambie, wewe ungefanya nini na miaka yako tisa? Niligeuka. Niligeuka mwili mzima, nikanyoosha mkono, nikapiga kelele, "Susu, tazama!"

Pikipiki ikayumba kwenye kokoto, ikalala. Tulikuwa tunakwenda polepole, kwa hiyo ilikuwa ni kulala hasa, si kuanguka. Mimi nilitupwa kwenye nyasi. Baba alisimama mara moja. Susu alikuwa chini ya pikipiki, mguu umebanwa, na ekzosi ya moto imeegemea shavu la mguu wake.

Baba aliinua pikipiki kabla sijamaliza kupumua. Hiyo haikuwa shida, chuma si mkwe. Shida ilikuwa kwamba Susu hakuweza kusimama. Kifundo kilikuwa kimeteguka. Nilimvuta mkono, nikavuta, nikavuta, ilikuwa kama kung'oa kisiki. Baba alisimama hatua tatu kutoka kwetu, ametupa mgongo, mikono yake inafunguka na kujifunga.

"Mwambie baba yako," Susu akasema, na sauti yake ilikuwa kavu, "kama anangoja nife ndipo anibebe, anichimbie kaburi hapa hapa, asihangaike kurudi nyumbani."

Kwa mara ya kwanza sikuwa na namna ya kulipoza. Nililia tu. Baba akavua kabuti lake. Akajifunga mikono kwa hilo kabuti mpaka viwiko, kama mtu anayetoa chungu motoni, akafumba macho, kweli alifumba, akaja kinyumenyume akinisikiliza mimi: "Kushoto, baba. Inama. Hapo." Akamnyanyua Susu, yeye na blanketi lake. Na alipomnyanyua, kabuti likateleza. Susu akahisi anaanguka. Mkono wake ukaruka, ukashika cha kwanza ulichokutana nacho, na hicho kilikuwa sikio la baba yangu. Alilishika kwa nguvu zote mpaka alipokalishwa juu ya pikipiki.

Baba alivaa kabuti. Susu alijifunika. Kila mmoja alijifanya kwamba sikio lile ni la mtu mwingine. Lakini mimi nilikuwa nimeona. Ngozi na ngozi. Ukuta ulikuwa umegeuka kutazama gari la moshi, na sasa tulichokwenda kuchukua kilikuwa kinaoza huko mbele, na mtoto wa mama angekufa, na angekufa kwa sababu yangu.

Tukashuka kilima polepole mpaka Kasikeu.

Bomani kwa Mzee Nzioka baba alibaki nje mbali, karibu na ghala, kwa sababu hapo pia palikuwa na wakwe. Susu aliniweka mkono begani nikawa fimbo yake. Mke wa Mzee Nzioka alitupokea mlangoni, akatazama mguu wa Susu, akatazama uso wake.

"Yuko ndani," akasema. "Lakini mmekuja kwa mtu asiyeongea. Mdomo umekwenda upande mmoja. Anatoa sauti, hatuelewi. Mara nadhani anataka tumbaku, mara nadhani ananitukana."

Niliona giza. Hicho ndicho kilichokuwa kimeoza: mdomo wenyewe. Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, nilikuja kusikia kwamba ugonjwa ule ulimpata Alhamisi, nasi tulianguka Jumamosi. Lakini mtoto mwenye hatia hahesabu siku.

Mzee Nzioka alikuwa amelala kitandani, mdogo kuliko nilivyomtarajia mtu mwenye neno kubwa vile. Jicho moja lilikuwa limelegea. Lile lingine lilimwona Susu likatulia.

Susu akakaa kwenye kigoda. Hakulia. Akasema, "Nimekuja. Safari hii sijachelewa."

Mzee akatoa sauti. Ilikuwa ndefu, inapanda na kushuka, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Ikakatika. Akaanza tena, mishipa ya shingo imesimama. Mkewe akatikisa kichwa. "Si nilikuambia."

Susu alibaki anamtazama kaka yake. Halafu, bila kunigeukia, kwa sauti ile ile aliyoitumia safari nzima, akaniuliza, "Mwikali. Anasemaje?"

Wote wakanitazama, hata lile jicho moja.

Mimi nilikuwa nimebeba maneno tangu asubuhi. Mdomo wangu ulikuwa umezoea. Nikafungua, yakatoka.

"Anasema lile neno alilisema kwa uchungu wa msiba. Anasema amelirudisha kwake, lisimfuate mtu. Anasema mama azae na alee."

Nilingoja mzee akatae. Alitoa sauti nyingine, fupi, akainua mkono wake mzima kidogo, ukaanguka juu ya blanketi. Susu akachukua kibuyu cha maji, akamtia tone mdomoni. Maji hayakukaa, yalitiririka kwenye ule upande uliolegea pamoja na mate. Susu akayakinga kwa kiganja. Akafungua nguo yake kifuani, akajipaka. Akanivuta, akanipaka na mimi, baridi, yananuka ugonjwa.

"Mate ni mate," akasema. "Yametosha."

Tulilala huko, tukaondoka asubuhi mguu wa Susu umefungwa kitambaa. Nilikaa katikati nikiwa nimekauka kama mti, sikutazama hata ndege. Tulipokuwa tunashuka kile kilima, baba akasema, "Muulize Susu yako mguu unaendeleaje."

"Mwambie mguu umelala salama. Na umwambie sikio lake ni la moto kuliko ekzosi."

"Baba, anasema mguu ni mzuri."

Mgongo wa baba ukaanza kutikisika. Nilidhani ni barabara. Haikuwa barabara. Baba alikuwa anacheka, anacheka mpaka akasimamisha pikipiki, akaweka paji la uso juu ya usukani. Na nyuma yangu, ndani ya blanketi, kitu kingine kikaanza kutikisika.

Hapo ndipo nilipojua kwamba walikuwa wakisikiana tangu nyumbani. Yule mwizi wa kuku, baba alikuwa amemsikia. Ile habari ya baba kushuka asukume, Susu alikuwa ameisikia. Kila neno, na kila neno nililoligeuza, walikuwa wamelisikia wote wawili, wakaniacha niligeuze.

Tukaendelea. Baada ya muda mrefu, karibu na Athi, Susu aliuinamisha mdomo sikioni mwangu. "Nzioka hajawahi kusema maneno mazuri hivyo maisha yake yote," akasema. Basi. Hakuongeza, wala hakulitaja tena mpaka alipokufa.

Mzee Nzioka alifariki wiki ya tatu. Susu alikwenda kwa basi, akichechemea, akafika wa kwanza kabla hata kaburi halijachimbwa. Mama alijifungulia hospitali, baba alisisitiza iwe hospitali. Alizaa mvulana. Leo ana duka mjini Wote na tumbo limetangulia mbele yake, anapita mlangoni kwa upande. Ni mate yaliyomwokoa, au ni daktari, au ni mimi na uwongo wangu? Mchungaji ana jibu lake, na wazee wana lao. Mimi nimekaa na swali hilo zaidi ya miaka hamsini na silioni haja ya kulimaliza. Mtoto aliota meno. Aliyetaka kubishana abishane na meno.

Ninachojua ni kidogo. Najua kwamba Susu alikuwa nyumba moja na mke wa yule mgonjwa, mtu mzima, aliyelala naye kitanda kimoja miaka arobaini, na hakumwuliza yeye kaka yake anasemaje. Aliniuliza mimi. Alikuwa amenisikiliza kuanzia Kabati hadi Kasikeu, akajua huyu msichana akipewa maneno atayafanya nini.

Juzi binti yangu na mumewe walikuwa wamenuniana. Mjukuu wangu alitumwa kutoka jikoni: "Mwambie baba yako chakula kiko hapa, kama miguu yake inafanya kazi." Mtoto akaenda mpaka penye bodaboda, akasema, "Baba, mama anakuita tule." Nilikuwa nimekaa hapo nikichambua maharagwe. Nilisikia vyote viwili. Nikainamisha kichwa, nikaendelea kuchambua.

Na kama Mzee Nzioka siku ile alikuwa anaomba tumbaku, basi anisamehe huko aliko. Nilimnyima.